Majina Chini ya Kurasa: Maisha ya Bénigne Truchetet, Karani wa Dijon (1722–1790)

Kwenye rafu ya chumba alichofia marehemu kuna pengo la upana wa vidole vitatu. Kushoto kwake pana kitabu cha sala, kulia pana kamusi ya Kilatini, na katikati hapana kitu. Kwa miaka thelathini na tisa hakuruhusu vitabu hivyo viegemeane. Mkewe aliwahi kuweka pale mshumaa. Marehemu aliuondoa. Binti yake, akiwa na miaka minne, alimlaza pale mwanasesere wake. Marehemu alimwondoa pia, lakini alimbusu kwanza huyo mwanasesere ili mtoto asilie. Sisi jamaa tulikua tukilijua pengo lile kama watu wa nyumba nyingine wanavyolijua kaburi la familia. Leo, kabla mwili haujainuliwa kwenda kanisani, inafaa lielezwe.

Marehemu Bénigne Truchetet alizaliwa hapa Dijon, tarehe 2 Novemba 1722, katika nyumba ya mtaa wa Vannerie, na kubatizwa kesho yake katika parokia ya Mtakatifu Mikaeli. Alipewa jina walilopewa nusu ya wavulana wa mji huu. Alikuwa mtoto wa pili wa Jean Truchetet, mtengenezaji wa siki na haradali, na Anne Lamblin. Kati ya watoto sita waliozaliwa walikua wawili tu, yeye na dada yake Reine, ambaye ni mama yangu, na ambaye yupo hapa.

Alisoma kwanza shule ya parokia, kisha miaka mitano kwa mapadre Wajesuiti, hadi baba yake alipopatwa na ugonjwa wa macho na ada ikakosekana. Alitoka na Kilatini cha kutosha kumsumbua, na mwandiko ambao mapadre waliuonyesha kwa wageni. Mama yangu anakumbuka alivyokuwa akiandika vibandiko vya mitungi ya haradali ya baba yao, kwa herufi zenye mikia mirefu, na wanawake sokoni wakisema, "Haradali yenyewe kali, lakini jina lake tamu."

Mwaka 1739, akiwa na miaka kumi na saba, aliingia kazini kwa mwandishi wa hati wa mtaa wa pili, mzee mkali aliyeandika wosia, ndoa na mauziano ya nusu ya Dijon. Mzee huyo alikuwa na sheria moja aliyowafundisha makarani wake kwa rula mgongoni: karatasi isiyosema imetoka kwa nani ni karatasi ya wizi. Kila hati iwe na chanzo, tarehe na mahali. Marehemu aliishika sheria hiyo kama wengine wanavyoshika Baba Yetu.

Mwaka 1743 alianza kitabu chake. Vijana wengi wa kalamu walikuwa na vitabu vya namna hiyo. Mtu alinakili humo kila alichokipenda na kila kilichopita mkononi, maana mengi yaliyosomwa siku zile hayakupigwa chapa, na mengine yasingethubutu kupigwa. Cha marehemu kilifika kurasa mia tatu na kumi na mbili. Kilikuwa na nyimbo za mapenzi, mafumbo, maandishi ya makaburini ya kuchekesha, barua ya mtawa mmoja kwa dada yake, simulizi ya baridi iliyounguza mizabibu yote upande wa kusini kwa asubuhi moja, na mashairi makali juu ya wakubwa. Aliandika kwa wino mweusi. Na chini ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo safi, kama ofisini, aliandika: nilipewa na fulani, wa mtaa fulani, tarehe fulani.

Uliokishona na kukitia jalada kitabu hicho ulikuwa mkono wa rafiki yake, Lazare Morizot, mtia majalada wa mtaa wa Verrerie. Lazare alikuwa mtu wa kelele na kicheko, mwenye mke kijana aitwaye Edmée, aliyekuwa akishona vitabu pamoja naye. Marehemu alinisimulia jinsi Lazare alivyomcheka siku moja mwaka 1749, kitabu kikiwa wazi kwenye meza ya kazi.

"Kaka, hii nini tena hapa chini?"

"Chanzo."

"Chanzo! Wimbo nimekuimbia nikiwa nakojoa ukutani, wewe umeniandikia chanzo. Mbona hukuandika na ukuta?"

"Ukuta haukunipa wimbo."

"Siku moja utaandika: mafua haya nimepewa na Lazare Morizot, mtaa wa Verrerie, Jumamosi."

"Na itakuwa kweli," marehemu alijibu, na wote wawili wakacheka hadi Edmée akawafukuza dukani.

Wahenga husema mdomo uliponza kichwa. Kwa marehemu mdomo haukuponza chochote. Kidole ndicho kilichoponza, na kichwa hakikuwa chake.

Jumanne, tarehe 17 Machi 1750, saa tatu asubuhi, mkaguzi aliyetumwa kutoka Paris aliingia ofisini akitafuta wimbo mmoja. Ulikuwa wimbo wa mistari kumi na minne juu ya mfalme aliyekuwapo wakati ule na bibi aliyekuwa akikaa naye. Makarani walipekuliwa mmoja mmoja. Kitabu kilikuwa katika mtoto wa meza ya marehemu, hakikufichwa, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba kitu kilichoandikwa kwa usafi namna ile kinaweza kuwa kosa. Alikuwa ameapa moyoni, mkaguzi alipokuwa bado kwenye meza ya jirani, kwamba hata wakimvunja mifupa hatamtaja mtu.

Mkaguzi alifungua, akasoma, akalowesha kidole kwa mate, akafungua tena. Hakukunja uso. Mwishowe alisema kwa adabu, "Huna haja ya kusema neno, bwana karani. Umeshasema yote."

Majina yalikuwa kumi na moja. Watu watano walikamatwa kabla jua halijazama, na wanne wakaachiliwa baada ya wiki chache, kwa kuwa majina yao yalikuwa chini ya mafumbo na nyimbo za mapenzi, na humo hapakuwa na kosa. Chini ya ule wimbo palikuwa na jina la Lazare Morizot.

Wote wawili walipelekwa Paris kwa gari la kufungwa, safari ya siku sita, wakakalishwa ncha mbili ili wasiongee. Walitiwa katika ngome ya mfalme, kila mmoja chumba chake. Marehemu hakupigwa hata kofi. Alipewa supu, mkate, na siku za sikukuu mvinyo. Lazare aliulizwa swali moja kwa karibu miezi kumi na moja: nani alikupa wimbo? Lazare, aliyekuwa hanyamazi hata kanisani, hakujibu. Alikufa kwa homa ya mapafu tarehe 6 Februari 1751, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Ngome ilimzika kwa jina la uongo, kama ilivyokuwa desturi yake, na hadi leo hakuna ajuaye ni kaburi gani.

Marehemu alikuwa ameachiliwa wiki mbili kabla, tarehe 20 Januari. Alirudi Dijon kwa miguu. Kitabu kilibaki ngomeni, na mahali pake rafuni pakabaki wazi.

Mji ulihesabu kwa vidole: mmoja amerudi, mmoja amekufa. Ukasema karani amemuuza rafiki yake akanunua mlango wa kutokea. Marehemu hakukanusha. Angeweza kusema kweli kwamba kinywa chake hakikumtaja mtu, na ingekuwa kweli ya kuapia. Hakuisema kwa yeyote hadi uzeeni, na aliponiambia aliongeza, "Usiisambaze. Ni kweli isiyonisaidia."

Ofisi haikumrudisha. Kwa miaka saba aliwaandikia watu barua chini ya matao ya soko la nafaka, wajakazi na wakulima waliokuwa na mtu mbali. Mwaka 1758 ofisi nyingine ilimchukua, akafanya kazi humo hadi 1784. Alikuwa karani mwaminifu. Lakini nje ya kazi hakuandika tena jina la mtu. Barua zake kwa mama yangu zilijaa "yule wa jikoni", "yule mwenye mbwa", "mkubwa wa watoto wako". Mpaka nikiwa na miaka kumi nilidhani hajui jina langu.

Tarehe 12 Januari 1757 alifunga ndoa na Claudine Bizouard, binti wa mkulima wa mizabibu, mwanamke jasiri, maana alionywa na kila jirani. Walipata mtoto wa kiume aliyeishi siku tisa, na binti, Philiberte, aliyezaliwa 1759. Claudine alipika shira ya zabibu nyeusi za vichakani iliyosifiwa hadi ng'ambo ya mto, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa mitungi.

"Mume wa kalamu," alikuwa akisema mbele za wageni, "na kabati langu lina mitungi arobaini bubu, haina hata kibandiko! Jana nimempa padri siki, nikamwambia shira."

"Alisemaje?" mgeni mmoja aliuliza.

"Alisema Mungu anatupima."

Baada ya hapo marehemu alikubali kuandika vibandiko: shira, siki. Hakuandika imetoka kwa nani. Claudine alifariki mwaka 1781, na kabati hilo bado lina mtungi mmoja ambao hakuna aliyeufungua.

Katika miaka yote hiyo mama Edmée Morizot aliishi mtaa wa Verrerie, hatua mia mbili kutoka hapa. Aliendesha duka la mumewe peke yake. Kila Jumapili walisali kanisa moja, yeye upande wa nguzo, marehemu karibu na mlango. Mama Edmée hakuwahi kumsalimu. Marehemu alitaka jambo moja tu katika nusu ya pili ya maisha yake, nalo ni mama huyo amwambie neno, lolote, hata tusi.

Julai ya mwaka jana watu wa Paris waliivunja ngome, na karatasi zake zikatapakaa barabarani. Mwezi wa Septemba muuza mvinyo wa hapa Dijon, aliyekwenda kule kwa biashara, alimkuta mwanamke akifungia samaki wa chumvi kwa kurasa za kitabu chenye mwandiko mzuri. Kurasa ishirini za mwisho zilikuwa zimekwenda na samaki. Ukurasa wa kwanza ulikuwapo: Kitabu hiki ni cha Bénigne Truchetet, karani, Dijon, mtaa wa Vannerie. Akamletea.

Habari ilienea. Kijana wa kamati mpya ya mji alikuja na utepe wa rangi tatu za mapinduzi mkononi.

"Babu, umeteswa na mfalme! Tunataka kitabu kisomwe mbele ya watu, na wewe ukae jukwaani."

"Nani kakwambia niliteswa? Nilipewa supu."

"Lakini wewe ni shahidi wa uhuru!"

"Mwanangu, shahidi alikuwa mwingine. Mimi ndiye niliyeandika anwani yake."

Kijana alicheka, akidhani ni mzaha wa mzee. Kisha akauona uso wa marehemu, akaondoka na utepe wake.

Marehemu hakukirudisha kitabu rafuni. Tarehe 3 Oktoba aliniomba nimshike mkono, kwa kuwa miguu ilikuwa imeanza kuvimba, twende mtaa wa Verrerie. Hatua zile mia mbili zilituchukua karibu nusu saa. Mama Edmée alikuwa mbele ya chungu cha gundi. Alitutazama, akaniambia mimi:

"Mwambie huyo karani duka limefungwa."

Mlango ulikuwa wazi na moto unawaka.

"Mama, ameleta kitabu."

"Natia majalada vitabu vya watu wengi. Vya wauaji bado sijaanza."

Marehemu alikiweka kitabu kwenye meza, akarudi nyuma hatua tatu, kama mtu aliyeweka chakula mbele ya mnyama asiyemwamini. Mama Edmée hakutazama maandishi. Alikigeuza, akatazama mgongo, mahali uzi ulipokatika.

"Hii kazi ya Lazare," alisema. "Ona, kila fundo analifunga mara mbili. Nilikuwa namgombeza anamaliza uzi." Kisha akafungua, akasoma chini ya ukurasa, na wa pili, na wa tatu. "Na huu mkono wako."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo hukumtaja kwa mdomo."

"Sikuulizwa."

"Ungeulizwa?"

"Sijui. Miaka thelathini na tisa namuuliza yule kijana niliyekuwa. Hajanijibu."

Mama Edmée aliinua kichwa. Hakupaza sauti. "Ungepigwa ukamtaja, ningekuelewa. Mtu akipigwa husema. Wewe ulimtaja hujaguswa. Umekaa kitini, umeshiba, kwa mwandiko mzuri."

"Ndiyo, mama," alisema marehemu.

Ilikuwa ndiyo ya mtu anayetia sahihi. Mama Edmée aliendelea kufungua kurasa, nadhani kwa sababu mikono yake haikujua kukaa na kitabu bila kukifungua, na katika ukurasa wa mia mbili na themanini na mbili alisimama. Hapakuwa na wimbo pale. Palikuwa na maneno ya kawaida, nusu ukurasa, juu ya mwanamke anayeshona vitabu. Aliyasoma kwa kunong'ona, nami niliyasikia: "Uzi umemchora kidole kama pete ya pili. Akikasirika hushona haraka, na mimi hukaa kimya nikimpa uzi mrefu, maana najua hasira yake haijawahi kuupita uzi." Yaliishia katikati ya sentensi.

"Haya ya nani?"

"Yake. Alisema atakusomea akiyamaliza."

"Nitajuaje ni yake? Karatasi hubeba lolote."

Marehemu alisogea zile hatua tatu, akanyoosha kidole hadi chini ya ukurasa. Palikuwa pameandikwa: Nilipewa na Lazare Morizot, mtia majalada, mtaa wa Verrerie, ameyatunga mwenyewe, tarehe 9 Novemba 1749.

Mama Edmée alifunika mstari ule kwa kiganja. Tulisimama hadi gundi ikaanza kuungua na kunuka.

"Kiacheni," alisema. "Nendeni."

Baada ya siku ile marehemu hakutoka tena. Ugonjwa wa maji ulipanda kutoka miguuni hadi kifuani. Kuanzia Januari alilala ameketi. Daktari alimtoa maji mara tatu. Philiberte alimlisha mkate wa asali uliolowekwa kwenye maziwa. Kila mlango ulipolia aliuliza, "Nani?" Tulipomjibu, alifumba macho. Hakuuliza kitu kingine, na sote tulijua anauliza nini.

Tarehe 7 Machi, Jumapili, baada ya Misa, nilikwenda mtaa wa Verrerie bila kumwambia. Mama Edmée alikuwa amekifungua kitabu chote, akaziosha kurasa zake moja moja kutoa harufu ya samaki, akakishona upya, mafundo mawili mawili. Siku ile alikuwa amekitia kwenye kibanio, akisawazisha kingo kwa kisu kirefu cha kazi yao. Alikuwa amekishusha kisu ndani kuliko kawaida. Kapu lilikuwa limejaa vipande vyembamba vya karatasi, na katika kila kipande herufi ndogo safi za mjomba wangu: nilipewa na, nilipewa na. Alivichota kwa mkono, akavitia motoni chini ya chungu.

"Anaendeleaje?" aliuliza, bila kugeuka.

"Anakufa, mama."

Alifungua ukurasa wa mia mbili na themanini na mbili, akanionyesha. Ncha ya chini ilikuwa imekunjwa kuelekea ndani, jinsi watia majalada wanavyofanya wakitaka kisu kisifike mahali.

Nilirudi nikamweleza mgonjwa. Nilimwambia majina yamekatwa yote, limebaki moja. Alisikiliza kwa makini sana, kama ofisini.

"Ukurasa wa kwanza?"

"Ameutoa."

"Langu pia limekwenda?"

"Limekwenda, mjomba."

"Vizuri," alisema. Baadaye kidogo akauliza, "Alikutuma uniambie?"

Sikumdanganya. Nilisema hakunituma, ila aliuliza unaendeleaje. Akalirudia swali hilo mara mbili, taratibu, kama mtu anayeonja kitu asichokuwa na uhakika nacho. Hatukupata kujua alilipokeaje. Jumanne, tarehe 9 Machi 1790, saa nne asubuhi, baada ya kupewa mpako wa mwisho, alifariki, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha binti, Philiberte, na mkwewe Andoche Gelinotte, fundi mapipa. Wajukuu wawili, Claudine na Symphorien. Dada yake Reine. Na mimi mpwa wake. Wasifu huu haukupigwa chapa. Umenakiliwa kwa mkono, nakala thelathini, na kila mtu aliye hai aliyetajwa humu kwa jina aliulizwa kwanza kama anakubali. Mama Edmée Morizot aliulizwa jana, mlangoni kwake. Alifikiri, akasema, "Andika." Hakusema kama atakuja, na hapa hayupo.

Mungu ampe mjomba wetu usingizi ambao hakuna atakayemwuliza ndani yake.

Kitabu hakiko rafuni, wala hakiko jenezani. Kiko mtaa wa Verrerie, kimebanwa katika kibanio, gundi yake haijakauka.